Ngozi Iliyobaki

Muthara,
9 Februari 2025

Mdogo wangu Kagure,

Bwana asifiwe. Sisi huku tuko, jua limetukausha lakini tuko. Ng'ombe mweusi amezaa ndama jike na nimemwita Manyatta kwa sababu hasikii la mtu, sawasawa na watu wa huko ulikoolewa. Kaburi la mama nimelipalilia. Kanana binti yako naye mwambie nimezipata habari za mchumba wake Misheck, kijana wa Runyenjes, na kwamba ruracio, siku ya mahari, ni Desemba. Mwambie nimeanza kuzoeza koo langu vigelegele.

Usishangae kuona karatasi. Simu yako hupokelewa na kila mtu wa nyumba yenu, na yangu hulia ofisini mbele ya wakulima waliokuja kuuliza maziwa yao. Mambo haya si ya kusikizwa na watu. Nimempa Marcella barua, yule anayeleta njahi, yale maharage meusi, huko kwenu kila wiki mbili. Yeye hana tabia ya kusoma barua za watu, maana hata kusoma kwenyewe hajui.

Sasa lenyewe. Ulinipongeza Krismasi kwa kupungua. Kweli, kutoka kilo mia moja arobaini na mbili hadi sabini na sita ni kazi, na niliifanya kwa miguu yangu, nyumbani hadi chama cha maziwa na kurudi, miaka miwili na nusu bila soda, bila mandazi, bila chapati hata ya Pasaka. Sukari imeshuka na magoti yametulia. Lakini mafuta yalihama yakaniachia nyumba yao. Ngozi ya tumbo imelala juu ya mapaja kama gunia lililolowa. Chini yake kunachomeka, kunatoa maji, kunanuka. Kila asubuhi naiinua kwa mkono mmoja, naosha kwa maji ya chumvi kwa mkono wa pili, napaka poda, naweka kitambaa cha shuka kuukuu. Saa nne natoka ofisini kwenda chooni kukibadilisha. Kanisani nakaa nyuma kabisa, karibu na dirisha, na unajua mimi nilikuwa mtu wa kiti cha mbele.

Daktari wa Meru mjini aliandika kurasa mbili kwamba ngozi hii ikatwe, kwamba ni ugonjwa. Bima ya chama chetu ikataka picha. Nikasimama uchi mbele ya ukuta mweupe, mimi mjane wa Kaimenyi, msichana wa nesi akanipiga picha mbele, kando, nyuma, halafu akaniambia niinue tumbo kwa mikono miwili. Niliinua nikilia.

Jibu ndilo hili, lote:

"Ombi lako limepokelewa. Upasuaji ulioombwa ni wa urembo, na bima hailipii urembo. Limekataliwa, una siku tisini za kukata rufaa."

Chini imeandikwa Mkaguzi Na. 14, Ofisi ya Embu, tarehe 27 Januari. Jina hakuna.

Shemeji Gachoki, mumeo, yuko ofisi hiyo hiyo. Najua yeye ni wa magari yaliyogongana, hajui mambo ya matumbo. Lakini muulize huyo namba kumi na nne ni nani. Nataka jina tu. Bado sijui nitamfanya nini, ila jambo litafanyika. Mtu aliyeutazama uchi wangu akaandika "urembo" lazima siku moja anitazame machoni.

Dada yako,
Gatakaa

*

Manyatta,
5 Machi 2025

Dada yangu mpendwa Gatakaa,

Nakusalimu kwa jina la Yesu. Huku baridi ya mlima haijatuacha, na kahawa imechanua mapema kuliko ilivyotakiwa. Cherehani yangu ilivunjika mguu nikaikalisha juu ya matofali, bado inashona. Kanana anakusalimu. Misheck alikuja na wazee wawili, wakanywa uji, wakaondoka wakicheka. Tarehe ni 13 Desemba. Kanana anataka wasichana kumi wafunikwe leso kutoka kichwani hadi miguuni wasimame mstari, Misheck amtafute bibi arusi wake, akishika mwingine alipe faini. Nimemwambia urefu wako utamchanganya sana, wewe usimame wa tatu.

Barua yako niliisoma nikiwa nimefunga mlango wa duka. Pole, dada. Sikujua ni hivyo. Nimekushonea mikanda mitano ya pamba laini, ina kamba za kufungia mgongoni, itabeba ngozi isiguse paja. Ifue kwa maji moto.

Kuhusu lile uliloniuliza, Baba Kanana anasema mambo ya faili ni siri ya ofisi. Lakini usikate rufaa wewe mwenyewe. Barua hizo zina namna yake ya kuandikwa, na ukikosea wanakufungia mlango kabisa. Baba Kanana atakuandikia. Subiri tu kidogo.

Na huyo mtu muachie Mungu. Kisasi ni cha Bwana.

Yeye Baba Kanana hajambo, ila siku hizi hali vizuri. Anarudisha sahani ikiwa imejaa.

Mdogo wako,
Kagure

*

Muthara,
23 Machi 2025

Kagure,

Salamu. Tuko wazima na ndama anakua. Mvua imegusa vumbi ikaenda zake. Mikanda nimeipata, Mungu akubariki vidole. Nimevaa mmoja kanisani nikasogea viti viwili mbele.

Kisasi ni cha Bwana, sawa, nami sijamnyang'anya. Ninamsaidia kubeba. Wewe uliyeandika hayo huna kidonda chini ya tumbo. Jumanne iliyopita ilikuwa siku ya malipo ya maziwa, foleni imefika barabarani. Nikainama kuokota kalamu, kidonda kikapasuka, maji yakapita kitambaa, yakapita sketi, yakafika kwenye kiti. Mzee mmoja wa Muthara akasema kwa sauti, "Huyu mama wa ofisi ako sawa kweli? Kuna kitu inanuka hapa." Watu wakatazama chini. Niliendelea kulipa watu mpaka wa mwisho, kisha nikakiosha kiti kwa mikono yangu.

Nilipokuwa nakiosha niliona kitu cha kumfanya namba kumi na nne. Unajua mila, sitakuchorea. Mwanamke aliyezaa akimvulia mwanamume nguo kwa hasira, hiyo ni laana, hakuna askofu wala daktari wa kuiondoa. Nitafika hapo Embu, nitapanda ngazi za ofisi yao, nitasimama mbele ya meza yake na kufungua mkanda wako huo mzuri. Aliniona kwenye karatasi. Aone sasa kwa macho, kisha aniambie kama ni urembo.

Rufaa ya shemeji iko wapi? Siku zinahesabika. Na mbona hukunijibu? Nilitaka jina, ukanipa mahubiri.

Gatakaa

*

Manyatta,
11 Mei 2025

Dada,

Nisamehe kwa kuchelewa. Marcella alipita mara mbili na mara zote sikuwa dukani. Mvua huku ni nyingi, barabara ya juu imekatika.

Najua siku tisini zimekwisha. Baba Kanana alikuwa anaandika, halafu kazi zikamzidi. Tutapata njia nyingine.

Nakuomba kitu kimoja kama mtoto wa mama mmoja. Usije ofisini. Ukija Embu, njoo kwangu kwanza, tunywe chai, tuongee. Usipande hizo ngazi.

Nimekushonea mikanda mingine mitatu.

Kagure

*

Muthara,
1 Juni 2025

Kagure,

Salamu sitaandika. Ndama amekufa kwa kuhara, hiyo ndiyo habari ya nyumbani.

Nilikuja Embu Alhamisi. Nilipita Manyatta bila kushuka, nikaona mlango wa duka lako uko wazi na wewe umeinama kwenye cherehani. Nikasema nitakuja nikimaliza.

Ofisini nikamkuta msichana wa mapokezi anaitwa Ann, mpole, ameniletea kiti kabla sijaomba. Nikamuuliza mkaguzi namba kumi na nne ni nani. Akasema, "Namba fotini? Huyo ni Bwana Gachoki, mum. Walimtoa kwa magari mwezi wa kwanza wakamleta huku kwa matibabu. Wewe kaa tu, ameenda chai, atarudi saa hii."

Nilikaa. Kwa muda nilidhani nimesikia vibaya, nikamwomba arudie, akarudia.

Alirudi na mandazi mawili kwenye karatasi. Akaniona. Hakusema "shemeji", hakusema "habari". Aliyaweka mandazi juu ya meza ya Ann, akageuka, akateremka ngazi kama mtu aliyesahau kufunga maji. Mimi nikayachukua yale mandazi nikayala yote mawili, polepole, mbele ya watu. Mandazi ya kwanza baada ya karibu miaka mitatu. Kisha nikapanda gari nikarudi kwetu, kwa sababu mtu niliyemtaka alikuwa amenikimbia, na mtu niliyekuwa namwamini alikuwa Manyatta anashona.

Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo zangu unazishona wewe.

Ulijua. Uliniambia nisubiri rufaa ukijua mwandishi wake ndiye aliyenikataa. Ulizila siku zangu tisini moja moja. Kila siku hiyo mimi nilikuwa naamka nainua tumbo, naosha, napaka poda, nasema mdogo wangu anahangaika kwa ajili yangu.

Basi sikiliza. Sitapanda ngazi tena. Nitakuja tarehe 13 Desemba kama mlivyonialika. Nitasimama kwenye mstari wa wasichana, wa tatu, nimefunikwa leso kutoka kichwani hadi miguuni, na chini ya leso sitakuwa na kitu. Misheck akipita bila kunishika, nitaivua mwenyewe. Nitageuka nimtazame mumeo mbele ya wakwe zake wote wa Runyenjes, na nitainua tumbo kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa.

Sitaki kuombwa msamaha.

Gatakaa

*

Manyatta,
15 Juni 2025

Dada yangu,

Nimeandika hii mara nne. Tatu nimezichoma jikoni.

Ndiyo, nilijua. Aliniambia siku mbili kabla Marcella hajaleta barua yako ya kwanza. Sasa nitakuambia yote.

Faili ilifika mezani kwake wiki ya nne tangu wamhamishe. Kwao picha hutangulia, maandishi huja nyuma. Alitazama ya kwanza, mwili usio na kichwa, akatazama ya pili, kisha akafunua ukurasa kutafuta jina. Akakuta ni wewe, dada mkubwa wa mke wake. Wewe unamjua Baba Kanana. Huyu ni mtu ambaye ukiingia sebuleni kwangu anasimama, anajibana ukutani akupishe mlangoni asikuguse. Amesali miaka ishirini na sita lakini mugiro wa mkwe, ule mwiko wa wazee, umekaa ndani yake kuliko katekisimu. Aliifunga faili. Kurasa mbili za daktari hakuzisoma, kwa sababu ziko nyuma ya picha na angelazimika kuzipitia picha tena.

Ile kompyuta yao haikubali kufunga faili bila sababu. Akachagua neno la kwanza lililomtoa hapo. Angeweza kumpa mwenzake, lakini kuna fomu, na kwenye fomu angeandika: huyu ni shemeji yangu. Ni kusema ameshaona. Hakuweza.

Hakula siku tatu. Akaenda kwa mzee Ndambiri wa ukoo wao akamweleza. Mzee akamwambia kuna kondoo dume wa kuchinjwa ili atakaswe, na kwamba kabla ya kondoo amwambie mke wake. Ndiyo akaniambia, amesimama nje ya jikoni, ananiambia kupitia dirishani. Kondoo yuko hapa hadi leo, amefungwa, ananenepa. Hawezi kuchinjwa bila wewe kuwapo.

Kuhusu rufaa, hilo ni langu. Si lake. Ungeikata, faili ingeenda kwa mtu mwingine, angeona kwenye kumbukumbu zao kwamba mke wa mkaguzi ni mdogo wako, na Baba Kanana angefukuzwa kabla ya ruracio. Wazee wa Runyenjes walikuwa wamekubali kuja kwa nyumba ya mtu wa ofisi. Nilipima ngozi yako na siku moja ya binti yangu. Nilisema vidonda vimengoja miaka miwili, vitangoja hadi Januari. Ndivyo nilivyosema, dada, na mikono yangu ilikuwa inakushonea mikanda.

Fanya unachotaka kwangu. Lakini Kanana hajui lolote. Mstari huo ni wake. Usimvulie yeye.

Niambie unataka nini.

Kagure

*

Muthara,
29 Juni 2025

Kagure,

Nimesoma.

Mtu anaona aibu, halafu aibu yake analipa nani? Mimi. Yeye haya zake zilimtoa jasho siku tatu. Zangu zinatoa maji mwaka wa tatu. Angalau angekuwa mwovu, ningejua nimekataliwa na mwovu. Nimekataliwa na mtu mwenye adabu! Adabu zake zitaniua si siku nyingi, daktari anasema kidonda cha kushoto kimeanza kuingia ndani.

Kondoo mleni wenyewe.

Nataka hivi. Achukue karatasi, aandike kwa mkono wake kwa wakubwa wake wa Nairobi. Aseme alikataa faili la shemeji yake bila kusoma barua ya daktari. Aseme ni kwa nini. Aombe lifunguliwe upya. Bila hiyo, siku tisini zimefungwa na hakuna atakayenisikiliza. Najua itamgharimu kiti. Nimeifikiria hiyo sehemu kuliko zote, nikiwa nakamua, nikiwa natembea, na kila nikifikia hapo nasikia utamu. Sitakudanganya.

Achague: avuliwe yeye, au nivue mimi.

Mistari mitatu inatosha. Ana mazoea nayo.

Gatakaa

*

Manyatta,
24 Agosti 2025

Dada,

Natumaini u mzima. Huku tuko.

Aliandika. Haikuwa mistari mitatu, ilikuwa ukurasa mzima, na alinisomea kabla ya kuifunga. Aliposoma jina lako aliinua sauti ili isitetemeke.

Walimwita Nairobi mara mbili. Tarehe mosi mwezi huu walimpa bahasha ya kuachishwa kazi. Ile barua ya kukubaliwa kwako nayo ilitoka wiki hiyo hiyo, Ann alimpigia kumwambia. Kwa hiyo unayo, na sihitaji kukusimulia.

Baba Kanana anaamka saa ile ile, anavaa shati la ofisi, anaketi, kisha anavua anaenda kuchuma kahawa. Majirani wanamuuliza likizo itaisha lini. Wazee wa Runyenjes walituma mtu kuuliza kama tarehe bado ni ile ile, akasimama langoni hakuingia kunywa chai. Kanana alinikuta nalia akataka kujua. Nikamwambia. Jana akasema, "Mami, hata kama. Si wangeongea tu kama watu wazima?"

Ulichotaka umepata. Nenda ukatibiwe.

Kagure

*

Meru,
19 Oktoba 2025

Mdogo wangu Kagure,

Bwana asifiwe. Nakuandikia nikiwa kitandani hospitalini, siku ya kumi na moja, kwa hiyo mwandiko unapanda mlima. Mvua ya vuli imeanza kugonga mabati. Jirani yangu wa kitanda ni mwalimu kutoka Tigania, anakoroma na kuomba kwa zamu.

Wamekata kilo sita na gramu mia mbili. Niliuliza, wakapima. Nilikaa saa nne na nusu kwenye meza ya upasuaji. Wakanishona kutoka nyonga hadi nyonga, mshono mmoja mrefu, ungeuona ungeusifia. Mirija miwili ilikuwa inatoa maji, jana wameitoa. Leo nesi alinisimamisha kwenye sinki kunawa. Kagure, nilitazama chini nikaona vidole vyangu vya miguu. Nilivitambua. Nikakaa chini sakafuni nikalia mpaka nesi akadhani nyuzi zimekatika.

Nitakuambia ukweli kwa sababu tumeshaambiana mabaya. Siku Marcella aliponiambia mumeo anachuma kahawa akiwa na suruali ya ofisi, nilifurahi. Nilipika chapati mbili nikazila. Furaha ilikaa siku tisa, nilizihesabu. Siku ya kumi niliamka nikaitafuta nikakuta haipo, na vidonda vilikuwa bado vipo, maana sikuwa nimepasuliwa bado. Sijutii kumfanya aandike. Ilikuwa haki yangu na ningemlazimisha tena. Lakini ule utamu ulikuwa ziada.

Umenyamaza tangu Agosti. Marcella anasema ukimwona unamuuliza bei ya njahi tu.

Daktari amesema Desemba nitaweza kusafiri na kusimama saa moja bila shida. Nataka kuja. Nataka kusimama wa tatu kwenye mstari wa Kanana, nimevaa nguo kamili chini ya leso, naapa kwa kaburi la mama. Akinishika Misheck, nitacheka alipe faini. Nitamsalimu shemeji kwa mbali, apishe mlango, nipite. Kondoo wenu achinjwe.

Kiuno changu sasa ni inchi thelathini na nne. Sijawahi kuwa na kiuno cha kukutumia. Nishonee gauni la siku hiyo, rangi chagua wewe.

Dada yako,
Gatakaa

*

Manyatta,
16 Novemba 2025

Dada yangu Gatakaa,

Nakusalimu. Sisi tu wazima, kahawa imeiva. Nashukuru Mungu kwa kilo sita na vidole kumi.

Gauni nimelishona. Ni kijani, kola ndogo, kiuno inchi thelathini na nne, nimeacha upana kidogo kwenye mshono ukinenepa. Liko hapa dukani, limening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Kondoo naye yuko.

Ombi lako limepokelewa. Nimelisoma lote, kurasa zote mbili, mara tatu, pamoja na mstari ule wa siku tisa. Kanana amelisoma, na baba yake amelisoma. Tarehe 13 nataka nimtazame mume wangu akiwapokea wakwe zake bila yeye kutazama mstari na kuhesabu hadi tatu.

Limekataliwa, una siku tisini za kukata rufaa. Usiikate kwa barua. Panda gari siku nyingine yoyote, na safari hii ushuke Manyatta.

Mdogo wako,
Kagure